Elimu ya Mkono wa Mpasuaji

Msafiri aiachaye Chalinze na kushika njia ya Segera hufika Lugoba, katika nchi ya Wakwere, mahali ambapo mawe huvunjwa na kusagwa kuwa kokoto za kujengea Dar es Salaam, na ambapo malori, mabasi na bodaboda hugombania barabara moja usiku na mchana. Mahali pa kazi za namna hiyo hapakosi majeraha ya mikono. Kwa hiyo mwenye kuandika habari za nchi hii hana budi kuuliza waliotibu mikono hiyo walifundishwa vipi.

Katika zama za wazee, aliyevunjika alipelekwa kwa mganga wa mifupa akafungwa banzi, mwenye maumivu ya mgongo akapigwa chuku, na wavulana wa jandoni wakaletwa mbele ya ngariba. Mwanagenzi wa kazi hizo hakupewa kitabu: alibeba mkoba wa mkuu wake, akashika mguu wa mgonjwa, akatazama, na baada ya kutazama sana ndipo alipoachiwa kufunga fundo la kwanza, mkuu wake akiwa amemwinamia, tayari kulifungua lisipofaa. Elimu hiyo ilikuwa ya kweli, nami naiheshimu. Walakini ilikuwa na aibu moja kubwa, kwamba mwanagenzi alijifunza juu ya mwili wa mtu aliye hai, na kosa la mkono wake likalipwa na mgonjwa.

Hospitali hazikuiondoa aibu hiyo mara moja. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na Sewa Haji Paroo, tajiri wa mji huo huo, alitoa mali iliyojenga hospitali ya Dar es Salaam ya mwaka 1897, ambayo ndiyo asili ya Muhimbili, na jina lake lingali likitajwa huko hata leo. Mwaka 1957 Michael Wood, mpasuaji wa kurekebisha maungo, pamoja na mwalimu wake Archibald McIndoe na Mmarekani Tom Rees, waliasisi shirika la madaktari warukao kwa ndege, ambalo leo twalijua kwa jina la AMREF. Katika siku zao, kuhamisha nyama kutoka tumboni hadi usoni kulikuwa safari ya miezi: ngozi ilikunjwa kama mrija, ikashonwa kwanza katika kifundo cha mkono, ikangojewa ipate damu huko, kisha mkono ukafungwa shavuni kwa majuma mengi, mgonjwa asiweze hata kugeuka kitandani.

Kilichofungua kifungo hicho ni ushonaji. Alexis Carrel, tabibu wa Kifaransa aliyejifunza kwa mwanamke fundi wa darizi mjini Lyon, alionyesha mwaka 1902 jinsi ya kuunga mishipa ya damu kwa nyuzi tatu za kuivutia pembe tatu. Mwaka 1960 Jacobson na Suarez, huko Marekani, wakaiunga mishipa midogo chini ya hadubini. Mwaka 1965 Wajapani wa Nara wakarudisha kidole gumba kilichokatika kabisa. Na mwaka 1973, mjini Melbourne, kipande cha nyama kikahamishwa kwa siku moja, mishipa yake ikashonwa papo hapo mahali papya.

Ustadi huu ndio uliolazimisha namna mpya ya kufundisha, maana uzi wake ni mwembamba kuliko unywele, na mtetemo usioonekana kwa macho huwa tetemeko chini ya kioo. Mwanafunzi huwekewa paja la kuku lililonunuliwa sokoni. Hulipasua, hutafuta ateri iliyolala kando ya mfupa, huikata, kisha huketi, viganja vyote viwili vimeegemea meza, kibano mkono mmoja na kishika-sindano mkono wa pili, akaishona kwa mishono kama 8. Kosa linalowapata wengi ni sindano kunasa ukuta wa nyuma, mshipa ukazibika ilhali kwa nje waonekana mzuri. Basi mwalimu husukuma maji yenye rangi ndani yake, na pale yanapokwama au kuvuja, ukweli hudhihirika bila maneno. Fundo hufunguliwa, kazi huanzwa tena, wala hakuna mtu aliyeumia. Kwangu mimi hili ni tendo la adili kabla ya kuwa tendo la ufundi.

Matunda yake tumeyaona jirani: Januari 2018 Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, ilitangaza kuwa wapasuaji wake wameurudisha mkono wa kijana uliokatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe.

Sasa turudi Lugoba. Mkono uliokatika na kuachwa katika joto hudumu takriban saa 6 tu kabla nyama yake haijafa, na kutoka hapa hadi Muhimbili ni zaidi ya kilomita 100 za barabara iliyosongamana. Ndiyo sababu nawasihi wenye mamlaka ya afya wasiuache ustadi huu ukae katika mji mmoja: kila hospitali ya rufaa ya mkoa, Tumbi ya Kibaha ikiwa ya kwanza kwa watu wa Pwani, iwekewe hadubini ya mazoezi, nyuzi na vibano, na kila tabibu anayesomea upasuaji wa kurekebisha maungo apewe saa za kutosha mezani hapo kabla hajakabidhiwa mkono wa mvunja mawe.