Bledi za Gofu Hazikuzaliwa za Matajiri: Historia ya Chuma cha Kufua

Mpelekee fundi wa jua kali hapa Chaani springi kuukuu ya lori. Atakutengenezea nini? Panga, kisu, au patasi. Ataitia motoni mpaka iwe nyekundu, aipige nyundo, aigeuze, aipige tena. Huko ndiko kufua chuma. Sasa mpelekee vipande vya aluminiamu vya injini iliyokufa. Hivyo havifuliwi. Vitayeyushwa vimiminwe kwenye kalibu ya mchanga, vitoke sufuria. Huko ndiko kusubu.

Ukishaielewa tofauti hiyo, umeelewa nusu ya ubishi mkubwa wa wacheza gofu wa ridhaa, wale wanaocheza wikendi kwa pesa zao na si kwa kulipwa. Wanabishania bledi: fimbo za chuma zenye kichwa chembamba, kilichofuliwa, mgongo wake bapa kama kisu. Kila mwaka kuna mtu anauza fimbo zake rahisi na kuhamia bledi, halafu anatangaza kwa marafiki kama aliyehamia Nyali.

Najua mwauliza: gofu na Chaani wapi na wapi? Basi sikizeni. Uwanja wa Mombasa Golf Club uko pale pale Mama Ngina, mbele ya bahari. Ukitoka Changamwe, ukavuka Makupa, ukashuka mjini, umebakiza hatua chache tu. Wengi wetu tumekula mihogo na kunywa madafu kule Lighthouse bila kujiuliza wale waliovaa kofia wanafanya nini. Na historia ya zile fimbo walizoshika inatuhusu kuliko tunavyodhani. Rai yangu ni hii: bledi haikuanza kama pambo la tajiri. Ilikuwa fimbo ya kila mtu, halafu ikawa fimbo ya asiye na uwezo, na sasa ndio imepandishwa bei na kuitwa ya heshima. Ukiijua safari hiyo hutadanganywa kirahisi.

Mhunzi kwanza, mchezaji baadaye

Turudi Scotland. Kabla ya katikati ya karne ya 19, mpira wa gofu ulikuwa kifuko cha ngozi kilichoshindiliwa manyoya. Ulikuwa ghali, na chuma kiliupasua. Kwa hiyo watu walitumia zaidi fimbo za vichwa vya mbao, na chuma kilitolewa kwa dharura tu, mpira ukiwa kwenye shimo au njia ya mkokoteni. Mwaka 1848 ukaja mpira wa gutapacha, utomvu wa mti wa Asia. Huo ulikuwa rahisi kununua na mgumu kupasuka. Hapo ndipo chuma kikapata nafasi yake.

Nani alitengeneza vichwa hivyo? Wahunzi. Watu wa moto na fuawe, sawa na fundi wetu wa mapanga. Mmoja aliyevuma ni Tom Stewart wa St Andrews, aliyepiga muhuri wa kiko kwenye kazi zake. Kichwa kilifuliwa kwa mkono, kikatiwa mpini wa mti wa hikori. Hakukuwa na mtu wa kuuliza, "Je, wewe wacheza bledi?" Bledi ndiyo ilikuwa fimbo. Tajiri alikuwa nayo, seremala alikuwa nayo. Bobby Jones, Mmarekani ambaye hakuwahi kuwa mchezaji wa kulipwa enzi zake za ushindi, alitwaa mataji yote makubwa manne ya wakati huo mwaka 1930 kwa chuma cha kufua na mipini ya mbao.

Na kabla hatujawapa Waskoti sifa zote, tukumbuke kwamba kufua chuma si elimu iliyoletwa huku na meli ya Mwingereza. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, aliandika kwamba watu wa Malindi na Mombasa walikuwa na machimbo ya chuma. Mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba, Mkenya mwenzetu, amechimba Galu, huko Kwale, na kukuta mabaki ya kazi za chuma za karne nyingi kabla ya Mreno kutia nanga. Lugha yetu wenyewe yashuhudia: tuna kufua, tuna kusubu, tuna mvukuto, fuawe, koleo na feleji. Lugha haibebi maneno hayo yote kwa kazi ya kusimuliwa.

Kwa hiyo gofu ilipofika Afrika Mashariki (Entebbe 1901, Nairobi 1906, Mombasa 1911) Mwafrika hakuwa mgeni wa chuma. Lakini hakukaribishwa kama mchezaji. Klabu za kikoloni zilikuwa za Wazungu. Mwafrika aliingia kama kedi, yaani mbeba mkoba wa fimbo. Mojawapo ya kazi za kedi zama zile, popote duniani, ilikuwa kusugua vichwa vya fimbo kwa msasa, maana chuma cha kawaida bila kromu hushika kutu upesi. Hebu fikiria kazi hiyo Mombasa, kwenye upepo wa chumvi unaotafuna hadi mabati ya nyumba. Kijana anashika fimbo mchana kutwa, anajua uzito wake, anajua ipi ni ya umbali gani, lakini kuipiga haruhusiwi.

Mtu aliyebadilisha kila kitu

Mwaka huo huo wa 1911 ambao klabu ya Mombasa ilianzishwa, mtoto aliitwa Karsten Solheim alizaliwa Bergen, Norway. Familia yake ilihamia Marekani, na baadaye akawa mhandisi wa kampuni ya General Electric. Gofu alianza akiwa na zaidi ya miaka 40, na kama wengi wanaoanza ukubwani, ikamtesa. Badala ya kulaumu mikono yake, akalaumu fimbo. Mwaka 1959 akatoa fimbo yake ya kwanza yenye jina la Ping, ile ya kusukumia mpira shimoni, kisha akahamia kwenye fimbo za chuma.

Wazo lake ni rahisi ukilieleza kwa mfano wa ubao wa kubebea ndoo, ule wa mzegazega. Ukiweka uzito wote katikati ya ubao, ni rahisi kuuzungusha kwa kidole. Ukitundika ndoo mbili kwenye ncha, kuuzungusha ni kazi. Bledi ina uzito mwingi katikati. Ukipiga mpira pale pale kwenye kitovu, raha. Ukikosea kidogo tu kuelekea nchani, kichwa kinajipinda, mpira unaenda kombo na hauendi mbali. Solheim akachimba mgongo wa fimbo, akauhamishia ule uzito kingoni. Kichwa kikawa kigumu kujipinda, na kosa likasamehewa.

Umbo kama hilo ni shida kulipata kwa nyundo, lakini kwa kalibu ni rahisi. Ndiyo maana fimbo zake zilisubiwa kwa chuma kisichoshika kutu. Ping Eye2 ya mwaka 1982 ikauzika mno, na kampuni nyingine zikafuata. Mchezaji wa wikendi hakuhitaji tena kuwa na mkono wa Bobby Jones.

Sasa angalia kilichofuata, maana hapa ndipo darasa la matajiri na maskini linapoingia. Fimbo rahisi zilikuwa mpya, na vitu vipya hununuliwa na wenye pesa. Zile bledi za zamani zilikwenda wapi? Stoo, kwa wauza mitumba, na mikononi mwa kedi. Yule aliyehitaji msaada zaidi, asiye na mwalimu wala muda wa uwanja, akabaki na fimbo isiyosamehe. Aliyekuwa na mwalimu na muda akapewa fimbo ya kumsaidia.

Mfano wa mtu aliyefaulu hivyo unajulikana dunia nzima. Severiano Ballesteros alizaliwa 1957 Pedreña, kijiji cha pwani ya kaskazini ya Uhispania, akawa kedi, na akajifunza kwa fimbo moja tu, chuma nambari 3, akipiga mipira na vijiwe kwenye mchanga wa ufukweni. Mwaka 1978 alikuja Kenya na kushinda Kenya Open. Mwaka uliofuata akashinda The Open kule Uingereza.

Watu hupenda kuishia hapo: "Waona? Ugumu humfunza mtu!" Mimi sikubali kuishia hapo. Kenya Open ilianza 1967, na hakuna Mkenya aliyewahi kuishinda. Aliyekaribia zaidi ni Jacob Okello, mwaka 1998, alipofungana na Ricardo González wa Argentina na kushindwa kwenye mashimo ya ziada. Ikiwa fimbo ngumu peke yake ingetoa mabingwa, sisi tungekuwa na rundo. Ballesteros alikuwa na ufukwe, alikuwa na kaka zake na mjomba wake waliocheza gofu ya kulipwa, na uwanja karibu na nyumbani. Fimbo moja ile ndiyo sehemu tamu ya hadithi. Hiyo mingine yote husahaulika.

Wanaohamia hukutana na nini

Leo bledi imerudi kwa mlango wa mbele. Mizuno hufua zake Hiroshima. Katsuhiro Miura alijijengea jina Himeji, eneo lenye historia ndefu ya kufua panga za kijapani. Kipande cha chuma laini chenye kaboni kidogo hupashwa moto hadi kuwa chekundu, kikapigwa na mashine mara kadhaa, kikanolewa, kikapakwa kromu. Zinapendeza, sitakataa. Ukiishika moja waelewa kwa nini mtu mzima anaweza kuitazama kama vile sisi twatazama rimu mpya za matatu.

Wachezaji wa ridhaa wanaohamia hukutana na mambo yale yale. La kwanza, wanapoteza umbali, na wanadhani wamedhoofika. Siri iko kwenye pembe. Saba ya kisasa ya kusamehe ina uso wenye pembe ya digrii 30 au pungufu. Saba ya bledi ni kama 34 au 35. Yaani saba yako mpya ni nane yako ya zamani iliyobadilishwa nambari. Hapo hujadhoofika, umebadilishiwa lebo tu.

La pili ni mikono. Ukipiga nje ya kitovu, mtikisiko unapanda hadi kiwikoni. Wapenzi wa bledi wanasema hilo ndilo wanalolitaka: fimbo inakuambia ukweli papo hapo. Kuna ukweli hapo. Fimbo rahisi ikikuficha kosa, utalirudia mwaka mzima.

La tatu ni ule "ulaini" wanaousifu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walionyesha mwaka 2005 kwamba hisia ya pigo kwa mchezaji inafungamana sana na sauti anayoisikia. Kwa hiyo mtu akikuambia chuma cha kufua ni laini kama siagi, muulize kama ameonja kwa mkono au kwa sikio.

Na la nne: wengi wenye akili hawahamii kabisa, wanachanganya. Fimbo ndefu, ambazo ni ngumu kupiga, wanabaki na zile za kusamehe. Fupi, za karibu na shimo, wanachukua bledi. Hiyo naona ndiyo busara. Hakuna mhunzi aliyewahi kudai nyundo moja hufanya kazi zote.

Rai yangu

Ninachokataa ni ile lugha ya kusema bledi ni "gofu halisi" na fimbo rahisi ni za waoga. Bledi haikuwa mtihani wa uanaume. Ilikuwa chuma pekee mhunzi alichoweza kufua. Ilipotokea njia bora, wenye uwezo waliikimbilia, wakaacha ile ngumu iteremke kwa kedi. Sasa wameiona tena ina haiba, wanaipanda bei na kutupa somo la nidhamu. Mwenye pesa akichagua ugumu, anaweza kuuacha Jumatatu. Kijana aliyepewa fimbo moja kuukuu hana mlango wa kutokea.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa Chaani, Port Reitz, Likoni na Kisauni, mkiona kuna mafunzo ya vijana mahali, nendeni mkashike fimbo, na msione haya kuomba ile rahisi. Jifunze kwanza mpira unaruka vipi. Na nyinyi wenye klabu, mkitaka kusaidia watoto wa bara, msitupe zile bledi za 1975 zilizojaa kutu mkaita msaada. Leteni fimbo za kusamehe, mipira, na saa moja ya uwanja kwa wiki. Bledi mtoto atainunua mwenyewe siku atakayoihitaji.

Na siku hiyo akitaka kujua ilivyotengenezwa, hana haja ya kwenda Hiroshima. Ashuke tu kwa fundi wa mapanga, aangalie springi ya lori ikigeuka nyekundu.

Mwaonaje? Hasa nyinyi mliowahi kubeba mikoba Nyali, Vipingo au Mama Ngina: mlijifunzia fimbo gani, na nani aliwapa?