Mwandishi Asiyejitaja

Kuna methali isemayo kwamba mficha uchi hazai. Wako wanaoitumia kumhukumu mwandishi anayeficha jina lake: kama kweli anaamini ayasemayo, mbona hajitaji? Swali hilo lina uzito wake, hasa katika mambo ya dini, maana imani ni ushuhuda na shahidi hutarajiwa ajulikane. Hata hivyo, yafaa tuwatazame watu wawili wa Ulaya ya karne ya 16 kabla ya kutoa hukumu.

Wa kwanza ni Michael Servetus, Mhispania. Mwaka 1531, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, alichapisha kitabu cha kupinga fundisho la Utatu Mtakatifu, na jina lake akaliweka wazi. Wakatoliki walikasirika, na Waprotestanti vilevile. Basi akakimbilia Ufaransa, akajiita Michel de Villeneuve. Kwa jina hilo alihariri kitabu cha jiografia cha Ptolemy, akasomea uganga Paris, hata akawa tabibu wa askofu mkuu wa mji wa Vienne. Kwa miaka kama ishirini watu walimheshimu Villeneuve, wala hawakujua kwamba ndiye Servetus.

Lakini aliyoyaamini hayakumwacha atulie. Mwaka 1553 alichapisha kwa siri kitabu kiitwacho Christianismi Restitutio. Humo, katikati ya mambo ya dini, alieleza jinsi damu inavyopitia mapafuni kutoka upande mmoja wa moyo kwenda upande wa pili. Jina la mwandishi halikuwamo, ila mwishoni ziliwekwa herufi tatu: M.S.V. Barua alizokuwa amemwandikia Calvin, kiongozi wa Waprotestanti wa Geneva, zikafikishwa kwa wakuu wa Kikatoliki huko Vienne. Akakamatwa, akatoroka, kisha akapita Geneva na kukamatwa tena. Tarehe 27 Oktoba 1553 alichomwa moto akiwa hai.

Wa pili ni Sebastian Castellio, mwalimu wa Kiyunani mjini Basel. Yeye hakuwa mfuasi wa Servetus. Lakini mwaka 1554 kilitokea kitabu kilichouliza kama ni halali kuwatesa wazushi. Utangulizi ulikuwa na jina la Martinus Bellius, na mahali pa kuchapishwa palitajwa kuwa Magdeburg. Kumbe Bellius hakuwapo duniani, na kitabu kilitoka papo hapo Basel. Ndani yake yalikusanywa maneno ya walimu wengi wa Kanisa, wa kale na wa wakati ule, hata ya Calvin mwenyewe. Hoja ya Bellius ilikuwa nyepesi kueleweka: tunamwita mzushi yule tu asiyekubaliana nasi, na anayeonekana mwamini safi katika mji huu huwa mzushi akivuka kwenda mji wa pili.

Wakuu wa Geneva walimshuku Castellio upesi. Kitabu kingine alichoandika kumjibu Calvin hakikuchapishwa mpaka mwaka 1612, naye alikuwa amekufa tangu 1563.

Waliomhukumu Servetus hawakuhitaji jina la kupanga. Walitia sahihi zao mchana kweupe, kwa kuwa serikali ya mji na moto vilikuwa upande wao. Kujitaja si ushujaa pale ambapo hakuna cha kupoteza. Kwa hiyo, kabla hatujamuuliza mwandishi kwa nini amejificha, tuulize ni nani aliyeshika kiberiti.

Sisemi kwamba kila anayejificha ana haki. Yuko anayeficha jina ili amtukane jirani yake bila kuulizwa, na huyo ni mwoga. Kipimo, naona, ni kutazama maandishi yenyewe: je, yanamuumiza asiyeweza kujibu, au yanamtetea? Bellius alimtetea mtu aliyekwisha kuwa majivu, ambaye hata imani yake hakuifuata.