Kata ya Bibi

Bibi yangu alihamia Mikindani kutoka kijiji kilicho nyuma ya Rabai, na mpaka anafariki hakuitupa kata yake. Kipande cha leso kuukuu, kimesokotwa duara na kukazwa kwa ukindu, katikati kimebonyea kwa uzito wa mitungi.

Watu husema vijiji vya huko ni maskini kwa kuwa viko mbali. Sikubali. Ni mwendo wa asubuhi moja tu kufika barabara kuu. Vijiji vile vimepitwa.

Wazee walihesabu miaka kwa njaa. Ile ya Mwakisenge, miaka ya 1880, wapo waliowaweka watoto wao rehani kwa matajiri wa pwani wapate nafaka. Mvua zikakatika tena 1898. Reli iliyoanzwa Mombasa 1896 ilikwisha pita Mazeras, karibu na Rabai, na mchele ulioletwa kutoka India kulisha vibarua ukipakiwa kwenda bara.

Lakini kwangu mimi kidonda kikubwa ni ardhi. Sheria ya 1908 ilimtaka kila mwenye kudai shamba katika ukanda wa pwani apeleke madai yake yaandikishwe. Lisilodaiwa likahesabiwa mali ya Serikali ya Kiingereza. Shahidi wa mkulima alikuwa mnazi wa babu yake na makaburi ya ukoo, navyo havibebeki hadi ofisini. Mtu akishaitwa skwota, yaani mkaazi asiye na hati, hukatazwa kupanda miti ya kudumu. Basi hupanda mahindi, na mvua ikikosa, hana hata dafu la kuuza.

Likaja bomba la chemchemi za Mzima, 1957, zaidi ya kilomita 200 kuiletea Mombasa maji. Bibi alilijua kwa magoti yake. Palikuwa na kiungo kinachovuja; wanawake walikinga matone kwa kifuu, wakamimina, wakakinga tena, mpaka mtungi ujae. Siku moja mafundi wakaja wakakiziba. Safari ya kisimani ikarudi kuwa ya kutwa.

Mwaka 2017 stesheni ya reli mpya ilifunguliwa Miritini, jirani yetu. Lakini mwezi uliopita nilikwenda kwao bibi kuzika. Mpwa wangu, mtoto wa shule ya msingi, alinilaki njiani, akanipokea mfuko wa unga. Sikuwahi kumfundisha: alivua leso begani, akaisokota duara, akajitwika.