Sauti ya Mtu na Sauti ya Shaba

Wimbo wa ibada uliotungwa kwa mwimbaji mmoja hauna budi kubadilika ukabidhiwapo kwa wapiga ala wachache. Katika enzi ya muziki iitwayo Baroko, aria ya kanisa ilisimama juu ya nguzo mbili: sauti ya mwimbaji na besi ya chini, fidla au zumari ziliitikia kati yao. Nguzo hizo zikidumu, nyumba haianguki hata mapambo yakipunguzwa.

Johann Sebastian Bach aliifanya kazi hiyo mwenyewe. Katika kantata yake ya mwaka 1731, «Wachet auf», ipo sehemu ambayo wanaume wenye sauti nyembamba huimba wimbo wa kanisa, na fidla huenda pamoja kwa sauti moja. Mwaka 1748 hivi sehemu hiyo ilipigwa chapa kwa kinanda cha kanisa: mkono wa kulia ulitwaa kazi ya fidla, wa kushoto wimbo, na miguu besi. Hakuna mstari uliopotea. Kilichopotea ni maneno.

Katika Afrika Mashariki jambo hili lilianza mapema. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliwasikia huko vijana wapatao ishirini wakipiga muziki wa Kifaransa kwa ala za shaba. Kutoka pwani mapadre waliingia bara, wakaanzisha Mhonda, katika milima ya Nguru, mwaka 1877. Leo njia ya Turiani iendayo upande huo huchepuka karibu na Dumila, katika barabara kuu ya Morogoro na Dodoma.

Lakini sheria ya kanisa iliweka mipaka. Tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pius wa Kumi alikataza piano, ngoma na matoazi kanisani. Bendi nazo zilikatazwa ndani, ingawa ziliweza kuruhusiwa katika maandamano ya nje. Kwa idhini ya askofu ziliweza kuingia ala chache za kupuliza, zilizochaguliwa kwa busara na kulingana na ukubwa wa mahali, zikipiga kwa utulivu kama kinanda. Hivyo udogo wa kundi ulikuwa sharti. Na kwa watu ambao ngoma ndiyo moyo wa sherehe, sharti hilo lilikuwa zito.

Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga alitoa kitabu juu ya sheria ya kanisa na muziki wa Kibantu. Tarehe 4 Desemba mwaka huo huo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza muziki wa mataifa upewe heshima yake, ukafungua mlango kwa ala nyingine zifaazo.

Mlango ulifunguka, ugumu wa lugha ulibaki. Kiswahili hutia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, lakini mistari mingi ya Kijerumani huishia kwa silabi yenye mkazo. Ala huficha mgongano huo kwa kuwa hazina maneno. Hata hivyo mpangaji asiyeyajua maneno humfanya mpiga tarumbeta avute pumzi katikati ya neno, na sala hukatika. Basi kazi yake ya kwanza ni kuyasoma maneno, ndipo agawe sauti. Shaba haisemi, lakini hupumua; na pumzi ikiwekwa mahali pake, msikilizaji huitambua sala hata isipotamkwa.