Frere: jina la Kiingereza lililofika Kisauni

Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani, hukawii kufika Kengeleni, ilipo kengele ya zamani iliyopapa mahali hapo jina. Eneo lenyewe ni Freretown. Wapo wanaoliandika "Freetown", wakidhani maana yake ni mji wa watu huru. Siwalaumu, kwani mji huu ulianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Lakini Frere ni jina la ukoo wa Kiingereza, na safari yake hadi kwetu inafaa kujulikana.

Sisi Waswahili humtambulisha mtu kwa ubini: Ali bin Omar, Fatuma binti Said. Waingereza nao zamani hawakuwa na majina ya ukoo. Baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka nchi yao mwaka 1066, kidogo kidogo, kwa muda wa karne kadhaa, wakaanza kurithishana majina yaliyotokana na kazi, mahali, baba au lakabu. Smith ni mhunzi. Johnson ni mwana wa John. Frere ni neno la Kifaransa cha kale, na maana yake ni "ndugu". Waingereza wa enzi hizo walilitumia kuwaita watawa wa Kikristo, ambao huitana ndugu. Mtu aliyekuwa karibu na watawa hao, au mwenye tabia kama zao, aliweza kupewa lakabu hiyo, na wanawe wakairithi. Majina ya Fryer na Freer yana asili hiyo hiyo.

Ukoo wa Frere ninaouzungumzia hapa ulikuwa na makao yake Roydon, katika jimbo la Norfolk, mashariki ya Uingereza. John Frere, aliyezaliwa mwaka 1740, ndiye aliyeandika barua mwaka 1797 kuhusu zana za mawe zilizochimbuliwa Hoxne, Suffolk. Alisema zilitengenezwa na watu wasiojua chuma, katika zama za mbali mno. Ilipita zaidi ya miaka 50 kabla wataalamu kuona uzito wa maneno yake. Katika kizazi chake alikuja kutokea Mary Leakey, ambaye mama yake alizaliwa katika ukoo wa Frere. Mary naye alichimbua mashoka ya mawe Olorgesailie, hapa Kenya, na mwaka 1959 akagundua fuvu mashuhuri la Olduvai, Tanzania.

Aliyelifikisha jina Mombasa ni Bartle Frere, mjukuu wa John, aliyezaliwa Wales mwaka 1815. Alifanya kazi miaka mingi Bara Hindi, akawa Gavana wa Bombay kuanzia 1862 hadi 1867. Mjini Karachi mpaka leo lipo jumba liitwalo Frere Hall. Mwaka 1873 alifika Zanzibar, akiwa ametumwa na serikali ya Uingereza kumshinikiza Sultan Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Aliondoka bila sahihi. Balozi John Kirk ndiye aliyeipata, tarehe 5 Juni mwaka huo huo, baada ya Waingereza kutishia kuizingira Zanzibar kwa manowari. Miaka miwili baadaye wamishonari wa CMS wakaanzisha kijiji chao Kisauni na kukiita kwa jina la Frere.

Jina hilo lina sura nyingine pia. Bartle Frere alipelekwa Afrika Kusini mwaka 1877, na Desemba 1878 akampa Mfalme Cetshwayo wa Wazulu masharti asiyoweza kuyakubali. Vita vikazuka Januari 1879 na maelfu ya watu wakafa. Wazulu hawana sababu ya kumwita ndugu.

Sasa tuwatazame walioishi Freretown. Wengi walikamatwa wangali wadogo huko bara, katika nchi ambazo leo ni Malawi, Msumbiji na Tanzania, kisha manowari za Waingereza zikawakomboa baharini. Baadhi walipelekwa kwanza India, wakalelewa na wamishonari huko Nashik na kubatizwa majina mapya. William Jones, Myao aliyelelewa huko, aliletwa Rabai mwaka 1864 pamoja na Ishmael Semler. Wote wawili baadaye wakawa makasisi. Jones ni jina la Wales, maana yake ni mwana wa John. Baba yake Jones wetu hakuitwa John.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo hili. Jina la Frere limetoka Ufaransa, likakaa Norfolk, likaenda Bombay na Natal, likatua Kisauni, na kila hatua imeandikwa. Mary Leakey aliolewa na kuchukua jina la mumewe, lakini bado twajua mama yake ni wa ukoo gani. Mjukuu wa mtu aliyeshushwa Freretown mara nyingi hawezi kuivuka meli ile iliyomleta mzee wake. Nyuma ya hapo pana giza.

Hata hivyo si yote yaliyopotea. Katika nyumba za Freretown na Rabai wapo wazee wanaokumbuka kabila la babu, jina alilokuwa nalo kabla ya ubatizo, au neno moja la lugha ya kwao alilopenda kulitamka. Ombi langu kwa vijana wa familia hizo ni kwamba wawaulize sasa na waandike: jina la zamani, kabila, mahali, meli, mwaka wa ubatizo na jina la mchungaji aliyebatiza. Penye vitabu vya zamani vya kanisa, waombe kuvisoma. Kibao cha Freretown kinamkumbuka mtu mmoja. Waliobaki tusipowaandika sisi, hakuna mwingine atakayekuja kuwaandika.