Maneno ya Kiingereza Yenye Asili ya Visasili vya Kigiriki

Kiingereza kina maneno na misemo mingi iliyotokana na visasili vya Wagiriki wa kale. Kwa mfasiri, kujua maana yake hakutoshi. Ni lazima pia aamue kama jina la mhusika libaki au ibaki maana peke yake.

Achilles' heel. Udhaifu mmoja wa mtu au kitu chenye nguvu. Thetis alimchovya mwanawe katika mto Styx ili silaha zisimdhuru, lakini kisigino alichomshikia hakikupata maji. Homer hakukisimulia kisa hiki katika Iliad. Kuchovywa huko kunatajwa na Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya 1. Msomaji wa Kiswahili atamkumbuka Fumo Liyongo, aliyeuawa kwa kuchomwa sindano ya shaba kitovuni. Hata hivyo, Liyongo aliuawa na mwanawe mwenyewe, hivyo kumtaja huingiza dhana ya usaliti isiyokuwamo katika msemo wa Kiingereza. Mara nyingi "udhaifu wake mkuu" hutosha.

Pandora's box. Jambo ambalo likianzishwa huleta balaa zisizozuilika. Hesiod alitaja mtungi mkubwa. Ni Erasmus, katika Kilatini cha karne ya 16, aliyeufanya kisanduku. Kwa hiyo "sanduku la Pandora" ni tafsiri ya tafsiri. "Kuchokoza nyuki" hueleza kuanza kwa balaa, ila hakuonyeshi kwamba hairudishiki nyuma. Panapohitajika maana hiyo ya pili, methali "maji yakimwagika hayazoleki" hufaa zaidi.

Midas touch. Kipaji cha kupata faida katika kila jambo. Kiingereza hukitumia kwa sifa, ilhali katika kisasili kiligeuka kuwa balaa: hata chakula cha mfalme Midas kiligeuka dhahabu, akaomba aondolewe kipaji hicho. "Bahati ya mtende" haifai hapa, kwa kuwa hiyo ni bahati ya kushtukiza. Afadhali "kila alishikalo humletea faida".

Tantalize. Tantalus aliadhibiwa kwa kusimamishwa majini chini ya matunda; kila alipotaka kunywa au kula, maji na matunda vilimkimbia. "Kutamanisha" ni nusu tu ya maana. Nusu ya pili ni kunyima. Andika "kumtamanisha na kumnyima".

Atlas. Jina la jitu lililobeba mbingu. Kiswahili kimelipokea kama *atlasi*, kitabu cha ramani. Lisichanganywe na *atlasi*, kitambaa laini cha hariri, neno lililotoka katika Kiarabu.

Kwa jumla, jina libakizwe pale ambapo matini yenyewe inakirejelea kisasili. Pale ambapo hata Mwingereza hakikumbuki tena, kama katika "tantalize", jina likibakizwa humpa msomaji wa Kiswahili mzigo ambao mwandishi hakuukusudia.