Mwalimu wa Roma na Mafunzo ya Hoja

Mwanafunzi wa shule ya upili hapa Kenya akipewa insha ya kulinganisha maisha ya mjini na maisha ya shamba, huenda akadhani kuwa swali hilo lilibuniwa na mtahini aliyekosa jambo jipya la kuuliza. Sivyo. Swali hilo lina umri wa karibu miaka elfu mbili. Vijana wa Roma ya kale waliulizwa lilo hilo, kwa kuwa walimu wao waliona kuwa maswali ya namna hiyo huwazoeza vijana kusema barazani na mahakamani.

Habari hizi tumeachiwa na Quintilian, mwalimu aliyezaliwa Hispania yapata mwaka 35 baada ya Kristo. Alifundisha balagha mjini Roma kwa muda wa miaka ishirini hivi, akilipwa mshahara kutoka hazina ya dola. Alipostaafu alikusanya maarifa yake katika vitabu 12, vilivyokamilika karibu na mwaka 95. Katika zama ambazo fimbo ilitawala darasani, yeye alikataa wanafunzi wasipigwe. Aliamini kwamba akili ya mtoto hukuzwa kwa mazoezi wala si kwa hofu.

Miongoni mwa mazoezi hayo lilikuwamo moja linalostahili kukumbukwa. Warumi walisimulia kwamba shujaa wao Valerius, alipokuwa akipigana na adui, alitokewa na kunguru akamtua kichwani, na ndege huyo akampiga adui usoni na machoni kwa mdomo na mabawa. Kila mtoto wa Roma aliijua hadithi hiyo, na wengi waliipenda. Mwanafunzi aliagizwa aibomoe kwa hoja, au aijenge kwa hoja. Alifundishwa kuuliza: jambo hili lasemekana kutendeka lini? Wapi? Na nani? Hapo ndipo kijana alipotambua kuwa kupendwa kwa habari si ushahidi wa ukweli wake. Kadhalika alitambua kuwa asiyeweza kuueleza vema upande wa mpinzani wake hajaufahamu barabara hata upande wake mwenyewe.

Kujenga hoja nako kulikuwa na utaratibu. Quintilian aliigawa hotuba ya mahakamani katika sehemu tano: dibaji, maelezo ya jambo lenyewe, uthibitisho, majibu kwa hoja za upinzani, na hitimisho. Msomaji ataona kuwa sehemu ya nne ndiyo inayosahauliwa mno katika insha za siku hizi. Aidha aliwaonya wanafunzi wasiandike mbiombio, kwa sababu wepesi huja baada ya uzuri, wala uzuri hauletwi na wepesi. Alipendelea vibao vya nta, ambavyo maandishi yake yalifutika kwa urahisi, na alishauri pawepo nafasi tupu ya kuongeza yaliyosahauliwa. Kwake yeye, kufuta kulikuwa kazi sawa na kuandika.

Je, mafunzo hayo yalizaa nini nje ya darasa? Kwa karne nyingi nakala kamili za vitabu hivyo zilikuwa adimu, hata mwaka 1416 mtafiti wa Italia, Poggio Bracciolini, alipoikuta moja katika makao ya watawa ya Saint Gall, nchini Uswisi. Kijana mmoja wa Roma, Lorenzo Valla, akamsoma Quintilian kwa bidii, akamfanya kiongozi wake wa elimu.

Katika siku za Valla palikuwa na hati iliyoheshimiwa sana. Ilidai kwamba Kaisari Constantine, katika karne ya nne, alimkabidhi Papa Sylvester mamlaka juu ya Roma na majimbo ya magharibi. Mwaka 1440 Valla aliipima hati hiyo kama mwanafunzi apimavyo hadithi ya kunguru. Je, yaaminika kwamba mfalme atoe nusu ya dola yake, na wanawe na wakuu wake wanyamaze kimya? Ziko wapi sarafu za mtawala huyo mpya? Wako wapi maliwali aliowaweka? Kisha akayageukia maneno yenyewe. Hati iliwataja maofisa wa Roma kwa cheo cha satrapi, ambacho ni cha magavana wa Uajemi. Tena iliitaja Constantinople kuwa makao ya patriaki, hali mji huo ulikuwa bado kupata cheo hicho wala jina hilo. Ni kama mtu alete barua anayodai iliandikwa Mombasa mwaka 1850, na ndani yake msafiri asimulie kuwa alipanda gari la moshi hadi Nairobi. Reli ilianza kujengwa mwaka 1896, basi barua hiyo imejisuta yenyewe. Leo wataalamu wanakubaliana kuwa hati ile ilighushiwa karne nyingi baada ya Constantine kufa.

Yapasa tuseme pia kwamba Valla alikuwa mtumishi wa Mfalme Alfonso wa Aragon, aliyekuwa akigombana na Papa Eugene IV juu ya Naples. Hoja zake zilimfaa bwana wake. Je, kwa hiyo zilikuwa za uongo? Hasha. Nia ya msemaji hutuamsha tuwe macho, lakini haiwezi kuandika sarafu zisizokuwapo wala kufuta maneno yaliyomo katika hati. Anayeikataa hoja kwa kumtazama mwenyewe tu, hajaijibu.

Basi mwanafunzi, utakapoandika insha yako ya mjini na shamba, usiidharau. Tafuta ushahidi wa kila upande, mpe mpinzani haki yake, kisha umjibu. Siku moja utawekewa mbele yako karatasi yenye muhuri, na watu watakuambia utie sahihi bila kuuliza. Siku hiyo utahitaji maswali ya kunguru.